Mwambie Mama Kabla Hajakanda Unga



Najua wiki hii uko mbioni. Nauli imeshapanda, mabegi yako mlangoni, watoto wanauliza mara kumi kwa siku tunaenda ushago lini, na kule nyumbani mama ameshaweka kando unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Kabla hujapanda gari nakuomba dakika chache. Nataka kuongea na wewe ambaye daktari alikuambia upunguze wanga. Umejitahidi tangu katikati ya mwaka. Umeacha soda, umepunguza ugali, suruali imeanza kulegea kiunoni, na sasa unaiogopa tarehe 25. Nataka pia kuongea na wewe usiye na ugonjwa wowote lakini ndiwe unayeshika mwiko. Ujumbe huu ni wenu wote wawili, na kusema kweli ni wako wewe wa mwiko zaidi.

Kuna watakaosema Pasta ameishiwa na neno, sasa anahubiri chapati. Basi wacha nihubiri chapati.

Desemba ya 2023 nilienda nyumbani, kaunti ya Kakamega, nikiwa na siri. Mwezi wa nane nilikuwa nimepimwa sukari asubuhi kabla ya kula chochote, mashine ikasoma 9.4. Wakarudia siku nyingine, bado iko juu. Kwa kipimo cha namna hiyo, ukifika 7 na kupita, na kipimo kikirudiwa kiseme vivyo hivyo, hicho ni kisukari. Nikapewa tembe, nikaambiwa nipunguze vyakula vya wanga: ugali, wali, chapati, mkate, viazi, na vinywaji vyote vyenye sukari. Mtu wa pekee niliyemwambia ni Mama Mchungaji. Ninyi sikuwaambia. Ningewaambiaje? Mimi ndiye ninayewawekea wagonjwa mikono kila Jumatano jioni. Niliona nikisema nina sukari, kuna mtu atauliza imani yangu iko wapi. Kwa hivyo nikawa nameza tembe chumbani na kupokea chapati sebuleni.

Kwetu, mchungaji akiingia bomani jiko huwashwa hata kama ametoka kula kwa jirani. Tarehe 25 na 26 nilitembelea nyumba sita. Nyumba ya kwanza chapati mbili, kuku na soda. Ya pili wali na chapati pamoja, na chai tamu ya kukwama kooni. Sikukataa hata mara moja. Kufikia nyumba ya nne nilikuwa nimeshiba hadi shingoni, lakini mama wa nyumba hiyo ni mjane, na nilijua ule unga wa ngano alikuwa ameukopa dukani ili mtumishi wa Mungu asitoke kwake na njaa. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilikula tatu. Nikamshukuru, nikaiombea nyumba, nikaenda nyumba ya tano.

Tarehe 27 nilikuwa nimealikwa kuhubiri kwenye ibada ya shukrani. Tangu alfajiri nilikuwa na kiu isiyokatika, nikinywa maji na kwenda msalani, nikinywa na kwenda. Niliposimama kusoma Neno, maandishi yakawa yanaogelea kwenye ukurasa. Mimi nilidhani ni uchovu wa safari. Mke wangu hakudhani hivyo. Tulipofika hospitali mashine ilisoma 26. Niliongezewa maji kwa mshipa, nikadungwa insulini, nikalazwa. Kesha la kuvuka mwaka, ambalo nilikuwa nimelitangaza miezi miwili, nililisikiliza kwa simu nikiwa kitandani.

Siku moja kabla ya kesha hilo yule mjane alikuja kuniona. Alikuwa amebeba mayai sita ya kuchemsha ndani ya leso. Akakaa kando ya kitanda, akaniangalia kwa muda, halafu akasema, "Pasta, kumbe uko na sukari? Mbona hukuniambia? Ule unga hata nisingekopa. Mayai niko nayo, kuku wangu wanataga."

Nilikula yale mayai mbele yake. Nilikuwa nimemtwika mjane deni la bure, na mimi mwenyewe nikajitafutia kitanda cha hospitali, yote kwa sababu niliona haya kusema sentensi moja. Deni lile nililipa baadaye. Ile sentensi ndiyo nimekuwa nikiisema kila mahali tangu siku hiyo, na msimamo wangu ni huu: mwenye sukari akinyamaza mezani hamheshimu mwenyeji wake. Anamnyima nafasi ya kumtunza.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana wengine hamjui mnakula nini. Chukua pakiti ya unga wa ngano ya kilo 2. Ukitoa chapati 20, kila moja imebeba gramu 100 za unga, na takriban robo tatu ya unga huo ni wanga. Chapati moja, gramu 70 na kitu. Wataalamu wanapoongea juu ya lishe ya wanga kidogo, mara nyingi humaanisha chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Kwa hivyo chapati mbili za saizi ya kwetu zimeshaimaliza siku yako kabla hujagusa wali. Na bado kuna kreti ya soda nyuma ya mlango. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, vijiko vya chai kama 7 au 8. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa chakula, na ingekuwa bora zaidi chini ya asilimia 5. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu imeshapita hapo. Tukishikana mikono kuombea meza Mungu anatusikia, lakini sijawahi kuona sukari ikitoka kwenye soda kwa sababu tumesema amina.

Na usidhani Desemba hupita ikasahaulika. Kuna kipimo kinaitwa HbA1c. Kinaangalia sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi karibu miezi minne, kipimo huonyesha sukari yako imekuwaje kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Ukienda kliniki mwezi wa pili na kumwambia daktari "nimekuwa nikijichunga", damu yako bado inasimulia Krismasi.

Niwasemeshe pia ndugu zangu wa ugali wa wimbi na chapati za atta. Nawapenda. Ni kweli unga huo una nyuzinyuzi zaidi, na kwa wengi sukari hupanda polepole kidogo. Lakini wanga ni wanga. Nimeona mzee wa kanisa akila mlima wa ugali wa wimbi kwa amani kubwa kwa sababu ni mweusi. Nduma ni wanga. Viazi vitamu ni wanga. Uji ni wanga. Asali ni sukari hata kama imetoka kwa nyuki wako mwenyewe. Maembe nayo, na Desemba ndio msimu wake, Mungu atuhurumie. Sikukatazi vyote. Nasema uvihesabu.

Kuna jambo naambiwa kila ninapotaja habari hizi, nalo ni kwamba lishe ya namna hii ni ya matajiri. Mwezi wa tano nitakubaliana nawe. Mwezi wa tano mfukoni kuna pesa ya unga na sukuma wiki, basi, na ukimwambia mtu apunguze ugali unamwambia alale njaa. Lakini hebu angalia Desemba. Ni lini mwingine katika mwaka mbuzi huchinjwa bomani, kuku watatu wako kwenye sufuria, ndugu wa mjini amekuja na samaki, na maziwa lala yako kwenye kibuyu? Mvua za vuli zimetoka tu kunyesha. Managu, saga, mrenda na kunde ziko nyuma ya nyumba, hazihitaji shilingi. Kitu cha bei kwenye meza ya Krismasi ni nyama, na nyama imeshanunuliwa tayari. Mwezi ambao tunasema hauwezekani ndio mwezi ambao maskini na tajiri wote wana chakula cha kutosha kisicho na wanga mwingi. Kazi iliyobaki ni kupanga sahani upya. Mboga zichukue nusu, nyama ichukue nafasi yake, kachumbari isionewe haya, na kile kipande cha chapati kiwe kidogo au kisiwepo kabisa.

Halafu kuna firigisi. Kwetu Waluhya firigisi ya kuku haiguswi ovyo, ni ya mwenye boma au ya mgeni aliyeheshimiwa. Miaka yote nimekuwa nikiogopa kwamba nikikataa chapati nitakuwa nimekataa heshima, kumbe heshima yenyewe imelala pale kwenye bakuli la mchuzi, na haina wanga wa kuhesabu! Nipe firigisi yangu, nipe mrenda, tutaongea mpaka jioni.

Usinielewe vibaya. Sisemi karamu ni dhambi. Katika Nehemia sura ya 8 watu walikuwa wakilia baada ya kusikia Torati ikisomwa, wakaambiwa waende wakale vinono na kunywa vitamu, kwa sababu siku ile ilikuwa ya furaha. Mungu wetu si Mungu wa kununa mezani. Lakini soma mpaka mwisho wa mstari ule wa 10. Waliambiwa pia wampelekee sehemu yule ambaye hakutayarishiwa kitu. Huwa tunamfikiria maskini tu tukisoma hapo. Mimi siku hizi nikisoma namwona pia shangazi mwenye sukari amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mbele yake chapati, wali, viazi, mandazi, soda na keki, na katika yote hayo hakuna alichotayarishiwa yeye.

Mada hii ikitajwa kanisani lazima mtu asimame na kitabu cha Danieli. Niwe mkweli kwenu. Danieli hakuwa akipunguza wanga. Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, inasema aliomba apewe mtama, na mtama, mpendwa, uko kundi moja na ugali. Tafsiri nyingine zinasema mboga. Vyovyote iwavyo, alikuwa akikimbia unajisi wa meza ya mfalme. Hakuwa na mashine ya kupima sukari. Tusimfanye Danieli muuzaji wa lishe.

Ninachojifunza kwa Danieli ni jinsi alivyosema. Alimwendea msimamizi mapema, kabla hajasusia sahani mbele za watu. Yule mkuu alikuwa na hofu ya kweli: vijana hawa wakionekana wamedhoofika, mfalme atadai kichwa chake. Danieli hakumcheka kwa hofu hiyo, na hakumhutubia. Aliomba wajaribiwe siku 10, kisha waangaliwe.

Mama yako naye ana hofu yake. Anaogopa majirani watasema mtoto wake ametoka Nairobi akalishwa mboga kama mfungwa. Anaogopa kwamba umeona chakula chake ni duni siku hizi. Chapati kwake si unga, ni siku ile ulipokuwa mdogo na ngano ilikuwa inaonekana nyumbani mara moja kwa mwaka, na yeye ndiye aliyehakikisha imeonekana. Ukifika tarehe 25 hotipoti ikafunguliwa ndipo ukaanza hadithi ya daktari, umeikataa mikono yake. Ukipiga simu leo, wiki moja mbele, umemwagiza chakula unachokipenda. Ni maneno yale yale, lakini siku si ile ile.

Mpigie. Mwambie, "Mama, nina hamu na kuku wako na ile mrenda. Daktari amenizuilia chapati na soda kwa sababu ya sukari, kwa hivyo usinikandie. Tujaribu siku hizi kumi za likizo, ukiona nimedhoofika utaniambia." Kuanzia tarehe 23 Desemba mpaka tarehe 1 Januari ni siku 10 kamili, hesabu mwenyewe. Halafu nyamaza umsikilize, maana pengine na yeye atakuambia ana presha ambayo hajawahi kuitaja. Kwetu ilitokea hivyo.

Sasa wewe wa mwiko.

Najua maneno yako kwa sababu nimekuwa nikiyasema hata mimi. "Onja tu." "Kwani chapati moja itakuua?" "Siku moja tu kwa mwaka." Siku hiyo moja huanza tarehe 20 kwa harusi, ikaenda kwa Krismasi, ikapitia shukrani ya aliyehitimu na matanga ya jirani, ikaja kuisha tarehe 2 watu wakitafuta nauli ya kurudi. Mtu akipungua mwili unamwuliza mbele za watu kama Nairobi hakuna chakula. Akisisitiza kwamba hali chapati, wengine wanaanza kunong'ona ana ugonjwa gani. Kwa hivyo anakula. Anakula ili asisengenywe. Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kuhusu watu wawili wanaokutana mezani, mmoja akila kila kitu na mwingine akila mboga, na hakumruhusu hata mmoja kumdharau mwenzake. Akaonya kwamba chakula changu kinaweza kumharibu ndugu ambaye Kristo alimfia. Tumekuwa tukilihubiri andiko hilo kuhusu nyama za sanamu. Nani kati yetu ameona nyama ya sanamu kule Kakamega? Chapati ndizo tunaziona.

Baba yangu mdogo alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Katika hiyo miaka mitatu tuliendelea kumwekea vijiko vinne vya sukari kwenye chai, asubuhi na jioni, kwa sababu alikuwa mzee na hatukutaka aone kwamba sisi watoto tunamnyima. Mimi mwenyewe nimekikoroga kile kikombe. Tulimpenda sana.

Kwa hivyo usimlazimishe mtu. Akisema hapana, jibu ni "sawa, niongeze mboga?" Usimwulize kwa nini mbele ya wageni. Weka jagi la maji mezani pamoja na soda, yasiwe ya kuombwa kama dawa. Chai ipikwe bila sukari na kila mtu ajiwekee. Hiyo ya chai peke yake, mkiifanya mwaka huu, nitamshukuru Mungu.

Na ukiteleza? Utateleza. Utakula chapati moja tarehe 25, ikunjwe na mchuzi, na itakuwa tamu. Basi imeliwa. Shetani atakuambia umeshaharibu, malizia mwaka hivyo hivyo utaanza upya Januari, na hapo ndipo moja huwa kumi na tano. Chakula kinachofuata ni kipya. Kula mboga jioni, tembea mpaka kwa jirani na kurudi, endelea.

Hapa naomba usome polepole, ni jambo la hatari. Kama unadungwa insulini, au unameza tembe kama glibenclamide, usipunguze wanga ghafla bila kuongea na daktari wako. Dawa hizo hushusha sukari. Ukipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka chini ya 4, nayo huua haraka kuliko ile ya juu. Mtu anatetemeka, anatokwa jasho jembamba, moyo unapiga mbio, anaongea vitu visivyoeleweka. Mkiona hivyo, na bado anaweza kumeza, msianze kukemea pepo. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ile yenye sukari, mpimeni tena baada ya dakika 15, na asipopata nafuu mpelekeni hospitali. Asiyeweza kumeza asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali mara moja. Wajawazito, watoto, na wenye shida ya figo nao wasijitungie lishe kwa sababu Pasta ameandika.

Mtu ataniuliza, na uponyaji je? Bado naamini Mungu anaponya. Jumatano hii nitawawekea mikono kama kawaida. Lakini nimesoma pia kwamba Paulo, ambaye vitambaa vilivyogusa mwili wake vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alipofika kwa Timotheo mwenye tumbo linalomsumbua hakumtumia kitambaa. Alimtumia ushauri kuhusu anachokunywa. (Najua mnachotaka kuniuliza kuhusu kinywaji chenyewe. Siku nyingine.) Mungu akikuponya sukari, mashine itasema, na daktari wako ndiye atakayepunguza dawa. Usiache tembe kwa sababu ulianguka wakati wa maombi.

Kuna tangazo moja ambalo sijawahi kulitoa madhabahuni, nalitoa hapa. Mfungo wetu wa siku 21 wa Januari uko palepale. Ila mwenye kisukari anayetumia dawa hatafunga chakula kabla ya kuongea na daktari, na hakuna kiongozi wa idara atakayemhesabia kwamba amerudi nyuma. Afunge simu. Afunge televisheni. Aje kwa maombi ya alfajiri akiwa amekunywa uji wake kidogo kama alivyoelekezwa, na akae mstari wa mbele. Na wale ambao mipango yenu ni kula Desemba yote kwa sababu Januari itafuta, hesabu hiyo haiko kwenye maandiko wala kwenye kliniki.

Jumapili tarehe 21, kuanzia saa moja asubuhi kabla ya ibada ya kwanza, wauguzi wa kanisa letu watakuwa nje ya ukumbi na mashine za kupima sukari na presha. Ni bure. Kama hutumii dawa za sukari, njoo bila kunywa chai. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na namba yangu nitaisoma kwa sauti, iwe nzuri au mbaya. Mandazi hayatakuwepo baada ya ibada, msimlaumu Mama Mchungaji, ni mimi. Kutakuwa na chai bila sukari na mayai ya kuchemsha. Trei tano zinakuja na basi la Ijumaa usiku kutoka Kakamega, kwa mama mmoja mnayemjua sasa. Amesema kuku bado wanataga.

Safari njema, na umpigie mama simu.